Mwanangu ni kacha wa ligi ndogo Marekani, amepiga .219, je anaendelea au anapotezewa muda?

SWALI: "Habari kocha. Mimi ni mama, tupo Texas, kijana wetu ni kacha wa besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka. Alichukuliwa kwenye drafti ya 2023 (klabu zinachagua vijana kwa zamu) raundi ya 9 akiwa amemaliza mwaka wa tatu chuo, sasa ana miaka 23. Msimu wote wa 2025 kacheza High-A, ngazi ya pili kutoka chini kati ya nne. Amepiga .219, yaani hiti 64 kwenye zamu rasmi za kupiga 292 (ukihesabu zote ni 340), hom rani 11 (mpira nje ya uwanja), straikauti 92 (katolewa bila kuupiga mpira), beisi za bure 41 (mrushaji alirusha nje mara nne), na mara 4 kapigwa na mpira. Wanaomuibia beisi, wale wanaokimbilia beisi ya mbele mpira ukirushwa, anawakamata asilimia 24 tu. Mwezi wa saba walimpandisha Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, tukafanya na kasherehe nyumbani, baada ya siku nne wakamrudisha. Baba yake anataka arudi chuo amalize digrii. Mjomba wake anasema ahamie beisi ya kwanza apumzishe magoti apige zaidi, na anasema siku hizi anadaka goti moja chini kama mvivu. Kuna kampuni pia imempigia inataka kumpa pesa sasa hivi kwa asilimia ya mishahara yake ya baadaye. Yeye mwenyewe ukimuuliza anasema 'niko poa mama' basi. Niambie ukweli."

JIBU: Asante dada kwa kuandika na namba zote, wazazi wengi wananiandikia "mwanangu anacheza vizuri sana kocha" halafu hamna kitu cha kushika. Nikikusoma vizuri hauulizi kuhusu .219. Unauliza kama hao watu waliomchukua mwanao bado wanamtaka au wamemuweka tu pale, na hilo ndo swali lenyewe, kwasababu jibu lake halipo kwenye avareji. Kwa kacha avareji naiangalia mwisho kabisa.

Tuanze nayo hivyohivyo maana ndo inayowanyima usingizi. Hiti 64 kwenye 292 ni .219. Angepata hiti 71 ingekuwa .243 na nyumbani kwenu mngekuwa mnaongea mengine kabisa. Hiti saba dada, msimu mzima kuanzia Aprili mpaka Septemba, hiyo ni kama moja na nusu kwa mwezi. Mpira mmoja ukipita pembeni ya glavu ya mtu, mwingine ukadakwa, basi. Kacha anapata zamu chache kuliko wenzake sababu hachezi kila siku, na zamu zikiwa chache avareji inayumba sana bila mtu kubadilika chochote. Nimekupigia hesabu nyingine hapa: ukitoa straikauti na hom rani, mipira aliyoipiga ikabaki uwanjani ilikuwa kama 192 hivi, na hiti zilizotoka humo ni 53, hiyo ni .276. Kawaida ya wachezaji ni kuzunguka .300. Angepata ya kawaida angekuwa na hiti nne au tano zaidi. Sisemi ni bahati mbaya yote, kacha wengi hawana mbio kwahiyo hiyo namba kwao huwa chini kidogo, ila sehemu yake ni upepo tu.

Sasa angalia kile ambacho hamkukiandika: anafika beisi mara ngapi. Hiti 64, bure 41, kupigwa na mpira 4, jumla 109 kwenye zamu 340, ni .321. Hiyo ni namba ya heshima kwa kacha kwenye ngazi ile. Beisi za bure ni asilimia 12, yaani jicho analo, hafukuzi mipira ya ovyo, na jicho huwa linapanda ngazi pamoja na mchezaji. Hom rani 11 ndani ya zamu 340, nguvu ipo. Kinachonisumbua mimi ni straikauti, asilimia 27, na hapo sitakudanganya. Kule High-A pitcha (warushaji) wengi wana kasi ila hawajui mpira unaenda wapi, Double-A wanajua. Mtu anayekosa mpira asilimia 27 chini, juu inaweza kuwa 32, na hapo hata jicho haliokoi.

Kwanini fimbo ya kacha, yaani upigaji wake, inachelewa hivi? Mwenzake wa uwanja wa kushoto anaamka anawaza jambo moja, kupiga. Huyu wenu anafika uwanjani mapema, ana kikao na pitcha wa siku hiyo na kocha wake, anasoma karatasi za wapigaji tisa wa upinzani nani anapenda mpira wa ndani nani hawezi kona ya chini, anaenda kupasha pitcha joto, halafu anachuchumaa na kuinuka mara 130, 150 kwa mechi moja kwenye joto la mwezi wa nane, mipira iliyochunika kwenye fimbo inamgonga bega, kidole gumba, maski. Ndo aende kupiga mpira wa maili 96 kwa saa. Zamu ya nne ya usiku miguu imeshaisha. Na wiki nzima hivyo, mechi sita, Jumatatu tu ndo mapumziko na mara nyingi iko ndani ya basi. Ndomana klabu zenye akili hazimhukumu kacha kwa fimbo mpaka afike miaka 25, 26.

Mfano mnaujua maana mpo Texas. Kacha Jonah Heim alidraftiwa 2013 raundi ya 4, akauzwa mara mbili kabla hajaonja ligi kuu (MLB), akaingia 2020. Miaka saba! 2023 akawa All-Star (timu ya nyota wa ligi), akachukua Gold Glove (tuzo ya udakaji bora) na ubingwa wa World Series na timu ya Rangers hapohapo kwenu. Kacha mwingine, Stephen Vogt, raundi ya 12 mwaka 2007, akafika ligi kuu 2012, akaanza bila hiti hata moja kwenye zamu 32 za kwanza, baadae All-Star mara mbili na leo ndo meneja wa Cleveland. Cal Raleigh wa Seattle alipoingia 2021 alipiga .180, wakamrudisha chini mwanzoni mwa 2022, na 2025 kapiga hom rani 60, hakuna kacha aliyewahi kufika huko. Avareji yake msimu huohuo wa 60? .247. Yaani baba mtu akiwa anaangalia avareji peke yake anaweza kusema huyu kijana wa kawaida tu.

Lakini tusidanganyane, nimechagua waliofika. Ambao hawakufika ni wengi mno kuliko hao na majina yao hamtayasikia. Timu za ligi kuu ni 30, kila moja inabeba kacha wawili, mara chache watatu, kwahiyo ajira za kacha ligi kuu ni kama 60 hivi. Chini yake kuna timu 120 za ngazi nne, Single-A, High-A, Double-A, Triple-A, bado hujahesabu kambi za vijana wanaoanza za Jamhuri ya Dominika na Arizona na Florida, na kila moja ina kacha wawili watatu wanaozitaka zilezile 60. Na wakati mwingine mtu anafika na safari inakuwa fupi. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara kucheza ligi kuu, alisaini 2008 akaingia Aprili 2017, karibu miaka tisa ya mabasi, na akaja kucheza mechi 41 tu. Ukimuuliza mtu wa kwetu kama ilistahili kila mmoja atakupa jibu lake, mimi nasema ilistahili ila sio mimi niliyepanda hayo mabasi.

Haya, kudaka sasa, maana huku ndo mwanao atapona au atazama.

Asilimia 24 ya wezi isiwatishe. Kwanza sheria za 2023 zimempa mkimbiaji kila kitu, beisi zimepanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na pitcha haruhusiwi kumtishia mkimbiaji mara nyingi kama zamani, mara mbili tu kwa mpigaji, ya tatu asipomkamata mkimbiaji anasogea bure. Makacha kwa ujumla wameshuka. Pili, kukamata mwizi ni hesabu ya watu wawili. Mkimbiaji mzuri anatumia kama sekunde 3.4 kutoka beisi ya kwanza hadi ya pili. Pitcha akiachia mpira haraka, sekunde 1.3 hadi ufike kwa kacha, na kacha akitumia 1.95 kudaka, kuinuka, kutupa mpaka glavu ya mwenzake beisi ya pili, jumla 3.25, huyo mwizi anaweza kukamatwa. Pitcha akiwa mzito, 1.6, jumla 3.55, hata umuweke nani pale nyuma mtu anafika. High-A imejaa pitcha wazito. Kwahiyo usiulize asilimia, muulize mwanao huo muda wake wa kutupa ni ngapi. Ligi kuu kawaida ni kama 2.0, akiwa 1.9 na mpira unafika kwenye beisi sio kichwani kwa mtu, mkono upo. Akisema 2.1 basi hiyo ni kazi ya kufanya majira haya ya baridi, na mara nyingi tatizo ni miguu na kuhamisha mpira kutoka kwenye glavu, mkono wenyewe hauna shida.

Goti moja chini, mwambie mjomba apunguze ukali. Hiyo staili imeenea kote tangu kama 2019, 2020, na karibu ligi kuu nzima inadaka hivyo. Ukiweka goti chini glavu inaanzia chini kabisa, mpira wa magotini mwa mpigaji unaudaka glavu ikiwa inapanda badala ya kuusukuma chini, na ampaya anauona ni straiki. Straiki moja iliyopatikana pembeni hivyo wanaihesabu kama 0.125 ya pointi, ndogo eh? Ila zidisha kwa mipira elfu na elfu ya msimu. Ndo kitu kilichomuweka Jeff Mathis ligi kuu misimu 17 na avareji ya maisha ya .194, nadhani mjomba hapo atanyamaza kidogo. Wasiwasi wa wazee ulikuwa kwamba goti chini linaachia mipira inayodunda ipite, na kwa kacha asiyefundishwa inapita kweli, kwahiyo kaangalieni hilo badala ya kugombana na goti.

Kuna jambo jipya hapa na wengi hawajalielewa. Kuanzia msimu wa 2026 ligi kuu inatumia mfumo wa kupinga straiki na boli kwa kamera, kila timu inaanza na nafasi mbili, ukiwa sahihi unabaki nayo ukikosea imekwenda, na wanaoruhusiwa kuomba ni mpigaji, pitcha na kacha tu, hamna msaada kutoka benchi. Unagonga kichwa na mkono, imetosha. Watu wakasema basi ustadi wa glavu umekufa. Haujafa, ampaya bado ndo anaamua mipira karibu yote. Ila umeongezeka ustadi mwingine: kacha anayejua kwa uhakika mpira umepita wapi na anajua kutunza nafasi mpaka wakati mgumu. Triple-A wameutumia kwa miaka kadhaa tayari. Kijana mwenye jicho la asilimia 12 za bure namtegemea awe mzuri kwenye hilo, ni jicho lilelile.

Halafu zile siku nne za Triple-A, dada pole lakini ile haikuwa kupandishwa. Kacha mmoja huko juu aliumia au aliitwa ligi kuu, wakahitaji mtu wa kudaka mipira ya mazoezi na kukaa benchi, wakachukua wa karibu asiyeharibu ratiba ya mtu mwingine. Hapo pia pana onyo. Klabu zinahitaji sana miili ya kudaka, pitcha 13 au zaidi wanarusha kila siku na mtu lazima awe upande wa pili, kwahiyo kuna makacha wanawekwa miaka mingi sababu ni watu wazuri, hawalalamiki, wanawatuliza vijana, na hakuna mtu ofisini anayewaona ligi kuu. Hao wanapenda kurushwa huku na huku. Ikitokea mara moja sio kesi, ikiwa mara tano kwa msimu basi klabu imeshakwambia kitu.

Kwahiyo swali lako la msingi, wanamtaka au hawamtaki, unalijibu kwa kuangalia klabu inavyomtumia. Anadaka mechi ngapi kwa wiki? Mbili ni benchi, tatu nne ni mtu wa mipango. Wanapompandisha pitcha wao wa dhahabu, yule aliyechukuliwa raundi ya kwanza, nani anapangiwa kumdaka? Hii naiamini kuliko takwimu zote, klabu haiweki mtoto wake wa mamilioni mikononi mwa mtu isiyemuamini. Siku asipodaka anapiga kama mpigaji maalum au anakaa? Na je mwaka huu 2026 wameshamwambia ataanzia wapi? Umri wake hapa ni muhimu, atafika 24, High-A kwa mtu wa chuo wa miaka 24 ni kuchelewa. Akianzia Double-A, hata kama anagawana na mwenzake, anaendelea. Akirudishwa High-A mwaka mwingine mzima na kuna kacha mwingine wa miaka 20 anadaka mechi kubwa, nisingekuficha, huyo wameshamtoa kwenye mahesabu.

Kuna na tarehe. Mtu aliyesaini na miaka 19 au zaidi, klabu ina misimu minne ya kumficha, baada ya hapo lazima iamue kumuweka kwenye rosta ya watu 40 (orodha ya wachezaji wa ligi kuu wa klabu) au imuache wazi, klabu nyingine inaweza kumchukua kwa dola 100,000 kwenye drafti ya Rule 5 kwa sharti la kumweka ligi kuu msimu mzima. Wa 2023 kama wenu zamu yao inaangukia Desemba 2026. Kacha wa kuchukuliwa hivyo ni wachache maana nani atabeba kacha asiyejua pitcha wake msimu mzima, ila Novemba hiyo utajua klabu yake inamuona vipi kwa maandishi. Tahadhari moja: mkataba mkubwa kati ya wachezaji na wenye timu unaisha tarehe 1 Desemba 2026, mgogoro kama huo ulipotokea 2021 sehemu ya ligi kuu ya drafti hiyo ilifutwa, kwahiyo msiweke maisha kwenye siku moja.

Beisi ya kwanza: hapana. Namheshimu mjomba, anaona mtoto anavimba magoti na inauma, lakini .219 na hom rani 11 kwa kacha ni mtu wa kuvumiliwa, kwa beisi ya kwanza ni mtu wa kuachwa kesho. Pale wanataka majitu ya hom rani 30. Waliohama na ikawalipa walikuwa na kitu kingine mkononi. Josh Donaldson alidraftiwa kama kacha 2007, akahamia beisi ya tatu, 2015 akawa MVP (mchezaji bora wa ligi yake), ila yule alikuwa na fimbo. Kenley Jansen wa Curaçao hakuwa anapiga kabisa ila mkono wake ulikuwa bunduki, 2009 wakamgeuza pitcha, mwaka uliofuata yupo ligi kuu na sasa ana mechi zaidi ya 400 alizoingia mwishoni akalinda ushindi. Mwanao akihamishwa iwe klabu ndo imeomba. Isipokuwa kwa jambo moja tu, kichwa.

Hapa naomba usome taratibu. Mipira inayochunika na kugonga maski inatikisa ubongo, na vijana wanaficha sababu wanaogopa mwenzake atachukua nafasi. Joe Mauer, MVP, mwenyeji wa Minnesota, mtikisiko wa Agosti 2013 ndo ulimtoa nyuma ya pleti moja kwa moja akamalizia beisi ya kwanza. Huyu wenu anayesema "niko poa mama" kwa kila kitu, usimuulize yuko poaje. Muulize analalaje, mwanga unamsumbua, kichwa kinauma baada ya mechi, anasahausahau, ana hasira zisizo zake. Likiwepo hata moja aende kwa daktari wa klabu siku hiyohiyo, na nyinyi mna haki ya kutafuta daktari mwingine wa ubongo wa nje atoe maoni. Vilevile goti linalokwama kukunjuka, nyonga, ganzi ya vidole vya mkono wa glavu. Na kama hali chakula, hataki kuongea na mtu, siku za mapumziko analala tu, hiyo haitibiwi na kocha wa kupiga, klabu zina watu wa afya ya akili na yupo wa nje pia. Mimi kwa maandishi siwezi kumpima mtu.

Chuo, baba yake hajakosea, kakosea wakati tu. Alibakiza mwaka mmoja, anaweza kuchukua masomo mawili kila majira ya baridi bila kuacha mpira, wenzake wengi wanafanya. Toeni mkataba wake wa kusaini muangalie kama kuna kipengele cha skolashipu, wengi wa chuo wanacho, na kina muda wake wa kuanza masomo baada ya kuacha mpira, ukipita hela imeyeyuka. Pesa anayopata sasa mnaijua, High-A kima cha chini kwa mkataba wa 2023 kilikuwa dola 27,300 kwa mwaka, Double-A 30,250, nyumba wanawapa. Ligi kuu 2026 ni 780,000, yaani zaidi ya dola 4,000 kwa siku moja. Ndo maana vijana wanang'ang'ania, kacha wa akiba akiitwa wiki tatu tu kalipwa kuliko miaka miwili ya chini.

Na hapohapo ndipo hiyo kampuni inaingia. Biashara yao ni halali, wanampa pesa leo, asipofika hawadaiani, akifika wanakata asilimia ya mshahara wa ligi kuu miaka yote ya kucheza. Fernando Tatis Jr. alisaini kitu kama hicho akiwa kijana mdogo wa ligi ndogo, 2021 akapata mkataba wa dola milioni 340, na 2025 akaenda mahakamani kujaribu kujitoa. Jiulize kwanini wamempigia mwanao. Wana watu wa takwimu, hawapigi simu ovyo, kwahiyo ile simu yenyewe ni habari njema kidogo kuliko .219 ilivyo habari mbaya. Asisaini kitu mpaka wakili wa mikataba, wa kwenu sio wa kwao, amesoma kila ukurasa, aulize asilimia inakatwa kabla ya kodi au baada, na inaishia lini. Kama ana wakala aliyesajiliwa na chama cha wachezaji aanze naye. Kama mna uwezo wa kumuongezea chakula na kocha wa majira ya baridi nyinyi wenyewe, mimi ningeikataa.

Maoni yangu mimi, kwa karatasi tu bila kumuona: namuona kama kacha wa akiba wa ligi kuu kama straikauti zitashuka zifike 23, 24 huku glavu ikiwa ya kweli, na mtu wa Triple-A anayezunguka kama hazitashuka. Mpeni msimu wa 2026 wote. Kabla haujaanza muombe akupe vitu vitatu kutoka kwa makocha wake, mipira ya nje ya eneo anaifukuza mara ngapi, kasi ya mpira anapoupiga vizuri, na hesabu yao ya straiki anazowapatia pitcha. High-A hizo hazipo hadharani, za Triple-A na ligi ya Florida ndo mtu wa nje anaweza kuziona, ila klabu inazo zote na huwa wanamwonyesha mchezaji akiuliza. Akisema hajawahi kuonyeshwa, hilo nalo ni jibu.

Alafu nenda kamtazame, mechi tatu mfululizo, kaa nyuma ya pleti upande wa beisi ya kwanza. Usifuate mpira. Mwangalie yeye kabla pitcha hajarusha, glavu imetulia au inacheza? Pitcha anatikisa kichwa kukataa ishara zake mara ngapi, mara mbili kwa iningi sawa, kila mpira ni shida. Mpira ukidunda anausubiri au anaukimbilia kwa kifua? Pitcha akiwa amechanganyikiwa anaenda saa ngapi kuongea naye, kabla ya hom rani au baada? Na zaidi ya yote, akitoka kupigwa straikauti na watu wawili kwenye beisi, iningi inayofuata anadaka vilevile? Hiyo ya mwisho maskauti wanakaa siku tatu kwenye jua kuisubiri.

Sikiliza pia anaongea na pitcha lugha gani. Wengi wa hao vijana wametoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na kacha asiyejua Kispanyola anabaki kuonyesha vidole tu. Mtoto aliyelelewa na Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni lugha ya tatu haimtishi, kama hajaanza aanze leo, makocha wanaliandika hilo kwenye ripoti.

Ukirudi niandikie umeona nini, na huo muda wa kutupa ni sekunde ngapi.